Sukari Imeshuka

Siku tuliyogawa nguo za marehemu mama mkwe wangu, kule Zagayu, niliketi kwenye nyumba ya jikoni nikisikiliza habari zangu mwenyewe zikisimuliwa vibaya upande wa pili wa ukuta. Msimuliaji alikuwa mke wa mpwa wa mume wangu, binti aliyeolewa juzijuzi, na alisimulia kwa uhakika wa mtu ambaye hakuwepo. "Mama Limi alikuwa na sukari mbaya, na mimba tumboni," alisema. "Bibi akaomba, akaomba, mpaka siku moja sukari ikashuka. Bibi akapiga kigelegele, watu wakatoka mbio mashambani. Ugonjwa ukaishia pale." Wanawake wakaitikia kwamba Mungu ni mkubwa. Mimi nilikuwa na insulini kwenye mkoba, nimejichoma asubuhi ile ile nyuma ya zizi kama nilivyojichoma kila asubuhi ya maisha yangu ya utu uzima. Nilikuwa na miguu yenye ganzi na jicho la kushoto ambalo siku hizi linanionyesha mwanga na vivuli tu, basi. Nilifikiria kuinuka nikamsahihishe, nikaona uvivu. Nimefika umri ambao kusahihisha watu kunanichosha kuliko ugonjwa wenyewe.

Wifi yangu Mbuke aliingia na nguo mkononi. Ilikuwa khanga ya marehemu, ya rangi ya udongo, iliyofuliwa mpaka maandishi yake yakafutika, na kwenye pindo lake kulikuwa na fundo. Huku kwetu kila mtu anajua mwanamke anafunga nini kwenye pindo la khanga, kwa hiyo wenzake waliomfuata walikuwa wanacheka kabla hata hajaniambia neno. "Hii ni yako, alisema mwenyewe," Mbuke akaniambia. "Lifungue basi tuone mama kakuachia nini," mmoja wao akadakia. Nikasema nitalifungua nikifika nyumbani Bariadi. "Mchoyo huyu!" mmoja akasema, wakacheka tena, kicheko cha watu waliolia siku kadhaa na kuishiwa machozi. Mbuke peke yake hakucheka. Yeye alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba ndani ya fundo lile hakuna hata senti. Niliiweka khanga mapajani, nikalishika fundo kwa vidole, na mwaka ule ukanirudia wote.

Nilikuwa msichana, sina miaka mingi tangu niolewe na Masanja, na Bariadi ilikuwa bado iko chini ya Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulikuja baadaye sana. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimezaa mtoto mkubwa kupita kiasi, mzuri, mweusi tii, asiye na pumzi. Wanawake waliokuja kunipa pole walisifia ukubwa wake. "Alikuwa dume," walisema, "alikuwa kama ndama," na mimi nimelala nimegeukia ukuta nikijiuliza ni faraja ya namna gani ile. Baada ya kupimwa damu ndipo nikaambiwa kwamba nina ugonjwa wa sukari, na kwamba ndio uliomkuza mtoto na kumuua. Kwa hiyo mvua zilipoanza na mimba nyingine ikaingia, sikufurahi. Niliogopa. Kliniki ya Bariadi alikuwepo nesi mmoja, Nesi Rehema, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, ambaye aliniambia bila kunizungusha: "Mama, mimba na sukari ni wake wenza. Ukimwacha sukari atawale nyumba, mwenzake atafukuzwa." Akanifundisha kujichoma. Akaniambia kuhusu macho, kuhusu miguu kuvimba, kuhusu kula kwa saa. Mengine aliniambia nikiwa tayari nimesimama mlangoni, na foleni imejaa nyuma yangu, na hayo ndiyo yaliyokuja kututesa.

Sasa uende na masharti hayo Zagayu, kwenye boma la Kisukuma, kwenye msimu wa njaa kidogo, ambako chakula kilichobaki ghalani ni matobolwa. Asiyeyajua ajue kwamba ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama ngozi, na utamu wake wote umejikusanya ndani. Asubuhi matobolwa na maziwa mgando, mchana matobolwa na karanga, na jioni ugali ukipatikana. Chakula kiliwekwa katikati, wanawake wote tunazunguka, na mimi naokota kidogo, naacha. Mgeni akiacha chakula ana aibu, lakini mke wa nyumba akiacha chakula cha mama mkwe wake anasema jambo zito. Anasema nakuogopa, anasema sijui umetia nini humu. Nilisikia kwa masikio yangu, nikiwa nimelala chumbani, jirani akimuuliza mama mkwe wangu uani, kwa Kisukuma, sauti ya chini: huyo mwanamke wako anaogopa mkono wa nani? Na mama mkwe wangu akajibu, "Anaogopa viazi." Lilikuwa jibu la ajabu. Sikujua kama ananitetea au ananidharau.

Jina lake lilikuwa Ngolo. Mimi nilimwita mayu, yaani mama, kama wote. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye hatua ndefu za mtu aliyezoea kufuata ng'ombe, na Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, cha kununua na kuuza. Nyumbani tuliongea Kisukuma. Ila maneno ya ugonjwa huu tuliyapata kliniki, yakiwa ya Kiswahili, na tukayaacha hivyo hivyo katikati ya Kisukuma chetu kama mawe kwenye choroko. Hakuamini sana hospitali, lakini alikuwa amemzika mjukuu wake, kwa hiyo alifanya alichoweza. Dawa yangu ilitaka ubaridi, na jokofu lilikuwa hadithi ya mjini. Akatoa mtungi wake wa maji ya kunywa, ule aliokuja nao alipoolewa, akaujaza mchanga wenye unyevu, akaniambia dawa yangu itakaa humo, na familia itakunywa maji ya ndoo. Kila asubuhi alimwagilia ule mchanga kabla hajamwamkia mtu. Na kila niliporudi kutoka kliniki, kabla sijavua viatu, aliniuliza swali moja kwa Kiswahili: "Imeshuka?"

Mimi nikajibu, "Bado, mayu. Imepanda." Basi uso wake ukasawijika. Mara nyingine, "Mayu, ni ile ile." Miezi ikapita hivyo, na katika nyumba ile kupanda kukawa ubaya na kushuka kukawa uzima, kama homa inavyoshuka na mtoto akaomba uji. Ungemlaumu nani? Hata mimi ndivyo nilivyoyasikia maneno yale, ingawa Nesi Rehema alikuwa amenitajia pale mlangoni kwamba sukari inaweza kushuka mno, na kwamba ikishuka mno inaua haraka kuliko ikipanda. Niliitikia kwa kichwa kama watu wanavyoitikia kliniki. Nani angeamini kwamba kitu nilichokuwa nakikimbia usiku na mchana kinaweza kuniua kwa kuniishia?

Msimu wa kuvuna pamba ulifika na tumbo langu likiwa limejaa. Masanja alikuwa Kasoli kwenye manunuzi, anapima pamba ya watu kwenye mizani, na nyumbani tulikuwa wanawake. Pamba iliyovunwa iliingizwa chumbani kwangu kwa sababu ndicho kilichokuwa na mlango wenye komeo, ikapanda ukutani mpaka usawa wa dirisha, na mimi na kitanda changu tukabaki kwenye kona. Chumba kilikuwa na harufu ya vumbi na majani makavu. Asubuhi ile nilijichoma dawa kama kawaida, nikanywa uji usio na sukari, na baada ya watu wote kwenda shamba nikautapika wote. Nikasema nitakula baadaye. Nilitaka kufagia kwanza. Nakumbuka ufagio ukawa mzito. Nakumbuka jasho baridi mgongoni, na mikono ikitetemeka, na njaa ambayo haikuwa tumboni bali mwili mzima, kisha nikaangukia kwenye lile lundo la pamba, likanipokea vizuri kuliko godoro lolote nililowahi kulalia. Mtoto aliruka tumboni, mara moja, halafu akatulia. Nikajua. Kama mtu aliye mbali sana nilijua kwamba tunaondoka wote wawili, na nikaona ni sawa, kwa sababu nilikuwa nimechoka mno.

Mayu aliingia na mzigo wa pamba kichwani. Sikuweza kuinuka. Ulimi ulikuwa kama wa mtu mwingine, lakini yale maneno ya kliniki yalikuwepo, yalikuwa ya kwanza kufika. "Mayu," nikasema, "sukari imeshuka."

Mzigo ukadondoka. "Imeshuka?"

"Imeshuka, mayu."

Akapiga kigelegele. Nakuambia alipiga kigelegele kirefu, kilichotoka mlangoni kikavuka uwanja kikafika kwa wavunaji, na Mbuke, ambaye wakati huo alikuwa msichana mdogo mwenye mfuko wa pamba kiunoni, anasema walidhani nimejifungua. Mama mkwe wangu alikuja akapiga magoti kwenye pamba, akanishika uso. "Wabeja, ng'wanawane, wabeja!" Asante, mwanangu, asante, kana kwamba nilikuwa nimemfanyia hisani. "Miezi yote umekaa kama mfungwa nyumbani kwangu. Leo utakula!" Akatoka mbio. Nikamsikia kwenye nyumba yake akiburuta kitu, akarudi na kibuyu cha asali, asali ya nyuki wa porini aliyoiweka kwa ajili ya wageni wa heshima na kikohozi. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, naye akadhani natetemeka kwa furaha. "Tulia, nitakulisha mwenyewe." Akachovya vidole vyake, vidole vyenye michubuko ya vikonyo vya pamba, akanitia asali kinywani, akachovya tena, akanitia tena, huku machozi yanamtoka na huku akiwaambia wale waliojazana mlangoni waje waone, sukari imeshuka, mtoto wetu atazaliwa. Nilimeza. Nilikuwa nameza bila kujua nameza nini. Baada ya muda chumba kikarudi mahali pake, nikasikia kuku nje, na mtoto akapiga teke.

Sikumwambia kitu siku ile, maana sikuwa na nguvu ya kuongea na hata mimi sikuwa nimeelewa sawasawa. Siku ya kliniki alisema atanisindikiza. Alivaa khanga ile ile ya rangi ya udongo, ikiwa mpya, na alipofika mbele ya Nesi Rehema hakungoja kuulizwa. "Mwangaluka," akamwamkia, kisha akamwagika kwa Kiswahili chake cha mnadani: "Nesi, mungalie huyu. Sukari ilishuka! Mimi nikapiga kigelegele, nikamupa asali."

Nesi Rehema aliweka kalamu chini. Akaniuliza nilikuwaje, nikamweleza jasho, mtetemo, pamba. Akamgeukia mama mkwe wangu, akamvutia benchi, na naye akiwa Msukuma wa Maswa akamwambia kwa Kisukuma, pole pole, kwamba sukari ni kama maji kwenye lambo: yakifurika yanavunja, yakikauka ng'ombe wanakufa. Kwamba mtu wa dawa hizi akisema imeshuka, anaomba msaada. Kwamba asali ile ndiyo iliyotuokoa, mimi na mtoto, na kwamba lau angenifunika blanketi aniache nipumzike, kama wengi wanavyofanya, angerudi akute maiti mbili. Hakumgombeza. Hata alimsifu. Lakini niliona mgongo wa mama mkwe wangu ukiinama kidogo kidogo.

Tulitoka. Sokoni alisimama kwenye duka la kwanza, akanunua sukari, akafunga kiasi kidogo kwenye pindo la khanga yake, akakaza kwa meno. Fedha zake akazihamishia kifuani. Tulikwenda mpaka nje ya mji kabisa ndipo akaongea, na hakunitazama. "Nilikupigia kigelegele, ng'wanawane," alisema, "ukiwa unakufa." Nikamwambia mayu, umeniokoa. Akasema, "Kwa kukosea." Tangu siku hiyo sikumsikia tena akiniuliza kama imeshuka. Alianza kuniuliza, "Umekula?" Aliniuliza nikiamka, aliniuliza akipita na ndoo, aliniuliza mbele ya wageni mpaka nikaona haya, na wakati mwingine, Mungu anisamehe, alinichosha mpaka nikatamani kumfungia mlango.

Wiki za mwisho nizikumbuke kwa lipi? Miguu ilivimba hadi viatu vya Masanja vikawa vyangu. Nyuzi nyeusi zilianza kuelea kwenye jicho la kushoto, nikawa nazifukuza kwa mkono kama mtu anayefukuza nzi, na daktari akasema nisikae tena mbali na hospitali. Mayu akaacha pamba yake, akaacha na ng'ombe, tukapanga chumba kimoja mjini, kwenye nyumba yenye wapangaji wengi na jiko moja la uani. Alipika ugali wa mtama, ukubwa wa ngumi kama kliniki walivyosema, ila ngumi yake, si yangu. Mlenda, dagaa, mlenda. Nilikuwa nimechoka kuchomwa, nimechoka kupimwa, nimechoka na mlenda, na zaidi ya yote nilichoka kutumaini. Kupitia dirishani nilisikia wapangaji wenzetu wakiosha nguo na kutujadili. "Sukari ni ugonjwa wa matajiri," mmoja alisema. "Sasa hawa wa Zagayu sukari wameitoa wapi?" Mwenzake akamjibu labda ni kwa sababu ya ng'ombe. Mama mkwe wangu, aliyekuwa anachambua mboga mlangoni, akainua sauti: "Chukueni basi, iko nyingi!" Nilicheka mpaka tumbo likauma. Nadhani ndicho kicheko pekee nilichokuwa nacho mwaka ule.

Nilipasuliwa, mtoto akatolewa kabla ya siku zake, mchana wa jua kali, presha yangu ilipopanda. Ya chumba cha upasuaji siyajui. Ya kwenye korido ninayajua kwa Mbuke, aliyekuja kumsaidia mama yake. Anasema nesi alitoka, akawaambia nimetoka salama, mtoto ni wa kike, mkubwa, analia. Kisha mwingine akapita haraka akimwambia mwenzake kwamba ile sukari ya mtoto imeshuka. Kwenye benchi pale walikuwepo jamaa wa upande wetu waliokuja kutuombea, na mmoja wao, baba mtu mzima, akainua mikono juu: "Asifiwe Bwana, imeshuka!" Mama mkwe wangu akasimama. Mbuke anasema hajawahi kumwona mama yake akimkatiza mwanaume mzima, si kabla wala baada. "Nyamaza!" alimwambia. "Kushuka ni kufa!" Akaenda moja kwa moja kwenye mlango uliokatazwa, akiwa anafungua fundo la khanga kwa meno, akitaka kumtia mtoto sukari ulimini. Walimzuia. Kwa heshima, anasema Mbuke; wakamwonyesha kwamba mtoto ameshawekewa dripu na wanamkamulia maziwa yangu wamnyweshe kwa kikombe. Akaomba amshike yeye wakati wa kunyweshwa. Wakamruhusu. Nilipozinduka, kitu cha kwanza nilichokiona kwa jicho langu zima kilikuwa mama mkwe wangu amekaa kwenye kiti na furushi, anarudia kitu kwa sauti ya chini. Nilidhani anasali. Alikuwa anamuuliza mtoto wa saa chache, "Umekula? Umekula?"

Tukamwita Limi, jua. Na sukari, mpenzi msomaji, haikuondoka. Ilibaki na mimi, ikachukua jicho, ikachukua vidole viwili vya mguu, ikanifanya fundi cherehani ambaye lazima atungiwe uzi na wateja wake. Mama mkwe wangu alilifunga lile fundo kwenye kila khanga aliyokuwa akivaa nikiwepo. Harusini, kanisani, mazishini. Watu waliona fedha.

Nilikuwa bado nimeshika khanga mapajani kwenye ile nyumba ya jikoni nilipogundua kwamba sisikii vizuri maneno ya upande wa pili wa ukuta. Chakula cha msibani kina saa zake, na mimi nilijichoma alfajiri nikaonja uji kidogo nikitegemea cha mchana ambacho kilikuwa hakijaiva. Mwanamke mzima, na ugonjwa wa miaka yote hii, nimekosea kosa lile lile. Jasho baridi likaanza mgongoni. Nikafikiria kuita, lakini nani? Mwenye kuniuliza umekula tulikuwa tumemzika. Nilibaki nimeegemea ukuta wenye masizi, na ule uchovu wa zamani ukaja ukakaa karibu yangu, mpole, ukiniambia nipumzike tu.

Limi aliingia kuchukua sufuria. Amekuwa mrefu kama bibi yake. Aliniangalia mara moja, akaweka sufuria chini.

"Mama, imeshuka?"

"Imeshuka," nikasema.

Hakushukuru Mungu. Aliivuta khanga mapajani pangu, akaliuma lile fundo, akalifungua kwa meno. Sukari ilikuwa imeganda ikawa bonge, imekuwa ya rangi ya udongo kama nguo yenyewe. Akaimega kwa vidole, akanitia kinywani, akamega tena, akanitia tena. Ilikuwa na ladha ya moshi, na ya sabuni, na tamu mno.